Mfuko wa mama chini ya kitanda

Mamaangu analala na viatu pembeni ya kitanda, ncha zimeangalia mlango. Na chini ya kitanda kuna mfuko, ile shangazi kaja ya mistari mnaijua, ndani ameweka kitenge kimoja, chumvi, kiberiti, na makaratasi yetu yote ameyafunga kwenye nailoni mara tatu maji yasiingie. Tunaishi Louisville, Kentucky, huku Marekani, tangu 2016, ghorofa ya pili, na ziwa la kuvuka halipo.

Nilikuwa nauona huo mfuko nanyamaza, nasema ni mambo ya wazee, hadi siku fundi wa jengo alipokuja kutengeneza bomba. Huku mafundi hawapigi hodi kama sisi, anagonga mlango kwa ngumi alafu anapaza sauti. Natoka bafuni nakuta mama kasimama nyuma ya mlango, kitenge amekikaza kiunoni, mfuko begani, amemkumbatia mwanangu wa miaka 4 na kiganja amemziba nacho mdomo asilie. Mtoto wala halii, anamtazama tu bibi yake. Nikaita mama, nikaita tena, mara ya tatu ndo akaniona, akamwachia mtoto, akaingia chumbani, siku hiyo hakula.

Sisi tulitoka Fizi, mashariki ya Congo, mwaka 1996 vita ilipofika, mimi nina miaka 7, tukavuka ziwa Tanganyika usiku kwenye mtumbwi tumejazana tukashukia upande wa Kigoma, Tanzania, kutoka hapo ni Nyarugusu, kambi nayo ndo ilikuwa imefunguliwa mwaka huohuo, na humo nimekaa miaka 20. Kuna mdogo wangu alipanda na sisi ule mtumbwi, hakufika. Nyumbani kwetu jina lake halitajwi.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunasema mama ana mawazo. Basi, mawazo. Usingizi hauji, moyo unamwenda mbio, kichwa kinakuwa moto, sufuria ikianguka jikoni anaruka, na hataki kabisa kuvuka daraja la mto Ohio kwenda ng'ambo Indiana hata kama kuna msiba. Kanisani wakamwombea, na nawashukuru sana wale wamama waliokesha naye, ila wapo waliosema ni mapepo, na hapo ndo aliumia zaidi manake alianza kuamini kuna kitu kibaya kinaishi ndani yake. Jamani hapana. Mama hana pepo. Mwili wake ulijifunza kuogopa usiku mmoja na mpaka leo haujaambiwa kwamba usiku ule ulishaisha.

Tulivyofika Marekani walitupa ile fomu ya maswali 15 ambayo wakimbizi wengi wanapewa, ipo hadi ya Kiswahili, mwishoni kuna picha ya kipimajoto unaonyesha taabu yako ni ngapi kuanzia 0 hadi 10. Mama akaonyesha 0. Nikamuuliza nje kwanini, akaniambia mwanangu, wakiona namba kubwa watasema sisi ni wagonjwa watunyang'anye watoto.

Baadae kliniki moja ikanitumia mimi mwenyewe nitafsiri. Mimi mtoto wake wa kiume, nakaa katikati yake na daktari, namuuliza mambo ambayo mama hawezi kumwambia kijana wake hata umkate. Akajibu niko salama, Mungu anatulinda. Safari ya pili wakampigia mkalimani kwa simu, anaongea Kiswahili safi cha pwani, akauliza je, huwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Mama akasema ndiyo. Ikaandikwa, tukatoka na dawa, na hakuna aliyemuuliza ni sauti ya nani.

Ndugu zangu mlio huku, hili mlishike: kuna sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, kliniki inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bila wewe kulipa. Omba mwanamke kama wewe ni mwanamke, omba mtu anayeelewa Kiswahili cha kwenu, ukiona hamwelewani sema. Usimtumie mwanao.

Sasa terapi anayofanya mama ni ile ya kusimulia maisha yote toka kuzaliwa. Ilitengenezwa na Wajerumani wa chuo kikuu cha Konstanz, Maggie Schauer na wenzake Frank Neuner na Thomas Elbert, na waliijaribu kwa wakimbizi wenzetu Uganda, kule Imvepi na Nakivale, tena Nakivale waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwa washauri na watu walipata nafuu. Hiyo ilinigusa sana.

Wanaeleza hivi: kumbukumbu ya kawaida ina mahali na tarehe, unajua ilikuwa mwaka fulani sehemu fulani na imepita, ila ile ya hofu inabaki na moto tu, harufu, kelele, maji baridi miguuni, haina tarehe, ndo maana mtu akigonga mlango leo unakuwa uko kulekule. Kwa hiyo mnaenda taratibu, mnairudisha mahali pake. Siku ya kwanza wanatandika kamba sakafuni ndo maisha yako, unaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila baya, na mwisho wa kamba unaachwa umeviringishwa, manake hayo maisha hujayaishi bado.

Mama alikataa mwezi mzima. Alidhani ni intavyu nyingine. Na mtu wa kambini atanielewa, sisi tumesimulia mateso yetu miaka na miaka mbele ya maofisa, tarehe lazima zilingane, idadi ya watoto lazima ilingane, ukilia sana muda unaisha, ukikosea mwezi kesi inakwama, yani tulijifunza kuyasema kama mtu anayesoma namba za simu. Hilo faili mama hajawahi kulishika. Huyu mwanamke wa terapi alimwambia ukikosea tarehe hakuna shida, tuko hapa kwa ajili yako, na haya ninayoandika nitakusomea kikao kijacho unirekebishe, tukimaliza karatasi zote ni zako. Mama akauliza zangu mimi? Akaambiwa zako.

Mimi siingii ndani, nakaa kwenye gari. Lakini siku ya kamba alitoka akanisimulia mwenyewe. Alitafuta jiwe dogo kuliko yote la yule mdogo wangu wa kwenye mtumbwi, alafu kabla hajaliweka akaomba kwanza ua, manake alizaliwa pia, siku aliyozaliwa mvua ilinyesha na baba alicheka. Vikakaa karibukaribu, ua na jiwe. Akanitajia jina lake pale kwenye gari. Nilikuwa nimelisahau.

Haijawa rahisi. Baada ya vikao vingine anaumwa kichwa siku mbili, mara ya tatu alisema harudi tena, ikabidi nimwache mpaka aseme mwenyewe. Alhamisi ana kikao cha 6, nimeshaomba ruhusa kazini.

Jumapili chumvi iliisha jikoni. Akaenda chumbani akatoa ile ya kwenye mfuko akapikia sombe, na mpaka leo hajarudisha nyingine. Viatu bado viko palepale, mimi sivigusi.