Misalaba ndani ya kiazi

Nilifundisha amiloplasti miaka sita bila kuwa na picha yangu hata moja. Wanafunzi walikariri kwamba ni plastidi, yaani kijisehemu cha ndani ya seli ya mmea, isiyo na rangi na inayotunza wanga, wakachora viduara, tukasonga mbele. Kisha binti mmoja wa kidato cha tano akaniuliza, "Madam, hii umewahi kuiona kwa macho yako?" Nilimjibu ndiyo. Kusema kweli, nilichokiona chuoni kwenye hadubini kilikuwa madoa meusi tu.

Nikaanza na kiazi mviringo, maana punje zake za wanga ni kubwa kuliko za mahindi au mchele. Vipande vyangu vya kwanza vilifaa kukaanga chipsi. Mzee wa maabara alinitazama nikihangaika na wembe, akacheka: "Mwalimu, acha kukata. Kwangua." Kweli bwana. Ukikikwangua kiazi, yale maji meupe yanayotoka ni punje zenyewe, zimemwagika kutoka kwenye seli zilizopasuka. Tone moja kwenye slaidi linatosha. Kwa seli nzima bado utahitaji kipande, lakini tazama ukingoni tu, pale kinapokonda. Huko seli zinaonekana moja moja, kila moja imeshiba punje.

Kosa langu la chuoni lilikuwa iodini. Tulikuwa tunaimimina kama ilivyo, na kila kitu kinageuka lami. Safari hii niliizimua kwa maji hadi ikapauka kuliko chai ya rangi, nikadondosha tone pembeni mwa kioo cha kufunikia, upande wa pili nikagusisha kipande cha karatasi ya tishu. Tishu inavuta maji, iodini inaingia taratibu, na unaona punje zikigeuka zambarau, halafu buluu, moja baada ya nyingine. Nikapunguza mwanga pia. Hapo ndipo tabaka zilipojitokeza: mistari kama ya ganda la chaza, yote imezunguka kitone kilichokaa karibu na ncha moja ya punje, si katikati. Punje ilianza kukua kutoka kwenye kitone hicho.

Simu ilinitesa kuliko kiazi. Mkono ukitikisika kidogo, picha inakuwa giza tupu. Niliviringisha boksi gumu kwenye lenzi ya jicho, simu ikalala juu yake, nikarekodi video badala ya kupiga picha, kisha nikachagua sekunde iliyotulia. Kwa kipimo nilitumia rula angavu: kwa lenzi inayokuza mara 4 niliona milimita 4.5 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo kwa lenzi ya mara 40 ni milimita 0.45. Punje moja kubwa ilichukua kama sehemu ya nane ya upana huo, yaani milimita 0.056, au maikromita 56 hivi.

Niliwaambia wanafunzi jambo ambalo michoro hulificha. Utando wa amiloplasti hatukuuona. Ni mwembamba mno kwa hadubini yetu, nao umevutwa ukaibana punje. Tulichopiga picha ni mzigo, si gunia.

Misalaba ilikuja baadaye. Nilibandua ile karatasi ya plastiki iliyo juu ya kioo cha kikokotoo kibovu, ambayo hupitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, nikaisafisha gundi kwa spiriti, nikaikata vipande viwili. Kimoja juu ya taa, kingine juu ya lenzi ya jicho, slaidi ikiwa na maji matupu bila iodini. Nikakizungusha cha juu polepole hadi uwanja wote ukawa mweusi, na punje zikabaki zinang'aa, kila moja imechorwa msalaba mweusi unaokutana pale pale kwenye kitone. Yule binti hakuondoka kwenye hadubini hadi kengele ikalia.

Wanga ukiiva, mpangilio wa ndani wa punje huvurugika na msalaba hupotea. Nilipowaambia hivyo, wanafunzi wakataka kuhakiki. Kesho yake mmoja alileta uji wa mahindi wa jikoni kwenye kifuniko cha chupa. Unga mbichi ulijaa misalaba midogo midogo. Uji haukuwa nayo, isipokuwa kwenye donge moja, ambako ilibaki mingi, inang'aa kabisa. Walimpelekea mpishi picha. Hakufurahi.