Nilishajichagulia kwaya
Muda mrefu nilimwomba Mungu anionyeshe nimtumikie wapi, na jibu nilishajipa mwenyewe: kwaya. Sauti ninayo, hata sare nilishashona.

Basi Jumamosi moja kwenye jumuiya, huku Mbagala, mwenyekiti wetu akauliza nani atakwenda kumwogesha bibi mmoja aliyepata kiharusi. Binti yake hufuata samaki soko la Feri, anatoka saa kumi alfajiri. Kimya. Mimi nikajifanya natafuta ukurasa kwenye Biblia. Akauliza tena. Mara ya tatu nikasikia mtu anasema, "Nitaenda mimi, mama," kumbe ni mimi. (Samweli wa kwenye Biblia naye alimkimbilia kuhani Eli mara tatu kabla ya kujua ni Mungu anayemwita, kwa hiyo msinicheke.)

Siku ya kwanza nilitamani kutoroka. Godoro limelowa, chumba kina joto, bibi kageukia ukutani kwa aibu. Nikaleta maji ya vuguvugu, nikaanza na miguu. Mkono wake wa kulia hauna nguvu, vidole vimejikunja. Ilibidi nivikunjue kimoja kimoja ili nisafishe kiganja. Hapo ndipo akaongea: "Polepole mwanangu, hicho cha pete kinauma."

Sasa naenda Jumanne na Ijumaa. Kunishukuru hanishukuru sana, jana tu kanigombeza maji yamepoa. Halafu tukaimba. Ulimi mzito, maneno yanampotea, lakini sauti ya pili anaishika kuliko mimi.

Sare bado iko kabatini.