Kabla ya kununua nyumba ya mawe Lamu, chokoa vichwa vya boriti

Mtu akiingizwa kwenye nyumba ya zamani ya mtaa wa Mkomani, macho humkimbilia mlango wa nakshi, kisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kisha anapanda juu kabisa kutazama bahari. Dalali analijua hilo, na ndiyo njia atakayokupitisha. Usiifuate. Uliza choo cha juu kiko wapi, ushuke kwenye chumba kilicho chini yake, uinue uso.

Sakafu za nyumba hizi zimelala juu ya boriti za mkoko. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba: boriti haibebi vizuri ikizidi mita 3 hivi, basi upana wa msana, yaani ukumbi mrefu wa nyumba hizi, huishia hapo au chini ya hapo, na urefu ukaachwa uende. Juu ya boriti kuna mawe bapa ya matumbawe, na juu ya mawe kokoto na chokaa iliyopigiliwa. Boriti iliyo kavu na inayopata hewa huishi kuliko aliyeiweka. Inapooza, haianzii katikati unapoiona. Huanzia vichwani, pale ilipozama ukutani, kwa kuwa ukuta ndio unaoshika unyevu.

Chukua bisibisi nyembamba, uchokoe kila boriti pale inapoingia ukutani, chini na ubavuni. Mti mzima unakataa: ncha huingia milimita 2 au 3 ikasimama. Ikizama sentimita nzima bila nguvu, kichwa hicho kimekwisha. Kisha gonga katikati kwa mpini. Mlio wa kitu kitupu ni mchwa, hata kama rangi ya nje ingali inang'aa. Vijia vya udongo ukutani na unga mwembamba sakafuni vinasema hilohilo. Vuta na uzi wa fundi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya dari. Boriti nyingine zilipinda tangu zilipokatwa, kwa hiyo usiihukumu moja. Ilinganishe na jirani zake. Zikishuka tatu nne pamoja, na sakafu ya juu yake ina ufa unaofuata mstari huo, hapo pana kazi.

Sasa hesabu. Boriti zikipangwa kila sentimita 30, chumba cha mita 6 kinataka kama 20, yaani korija moja kamili. Ukataji wa mikoko unahitaji leseni ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na marufuku ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba mti unaweza kukosekana sokoni kwa muda mrefu. Usianze kubomoa sakafu kabla boriti hazijafika uani kwako. Na fundi abadilishe moja moja, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo. Anayetaka kung'oa zote kwa siku moja anaharakisha malipo yake.

Ukishamaliza dari, teremka kwenye miguu ya kuta. Kuta hizi ni nene, nusu mita hivi, mawe ya matumbawe kwa chokaa, na hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi kila siku. Chokaa huyaacha maji yatoke kama jasho. Saruji huyafungia. Maji yasiyo na pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, mpaka yafikie vile vichwa vya boriti. Kwa hiyo ukiona plasta ya saruji laini, iliyopakwa rangi mpya ya mafuta kimo cha mita moja na nusu kutoka chini, jua kuna kitu kimefichwa. Igonge kwa ngumi. Ikilia kama debe, imeshaachana na ukuta. Unga mweupe juu ya mstari wa saruji ni chumvi, uonje ukitaka.

Dawa si kupaka saruji nyingine. Bandua ile iliyopo yote, acha ukuta upumue miezi kadhaa, ya kiangazi ikiwezekana, huku ukifagia chumvi kwa brashi kavu (usiioshe kwa maji, unairudisha ndani). Kisha piga plasta ya chokaa: fungu 1 la chokaa iliyolowekwa majini wiki kadhaa kwa mafungu 3 ya mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufuoni haufai, na ule wa vilima vya Shela usiuguse, maana ndivyo vinavyochuja maji matamu ya mji. Kila tabaka lisizidi sentimita moja hivi, lifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa, lisipigwe na jua. Chokaa iliyokauka haraka huwa vumbi, na hapo ndipo watu husema chokaa ya siku hizi si chokaa.

Kosa la pili kwa ughali ni sakafu ya zege juu ya boriti za zamani. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 kinabebeshwa zaidi ya tani 4, juu ya miti ambayo vichwa vyake hujavichokoa. Nondo nazo hushika kutu kwa hewa ya chumvi, zinavimba na kulipasua zege kwa chini. Tangi la maji la lita 1,000 ni tani moja pia. Liwekwe juu ya makutano ya kuta, kamwe si katikati ya dari.

Wakati mzuri wa kukagua ni masika, Mei, mvua zikiwa zimeshika. Nyumba iliyopakwa rangi Januari inapendeza kila mtu. Maji ya kisima, kinyume chake, yaonje Machi, mwisho wa kiangazi, bamvua likijaa. Yakiwa na chumvi hapo, ndivyo yalivyo.

Upande wa karatasi ni mfupi kuuelewa, ila ndiko biashara nyingi hukwama. Nyumba ya marehemu ni ya warithi wote, si ya yule mwenye ufunguo. Chukua mfano wa kawaida wa mirathi ya Kiislamu: mume amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kila binti thumuni, kila mwana thumuni mbili. Hao ni watu sita wa kutia sahihi, na binti mmoja akiwa naye amefariki, thumuni yake imeshagawika tena. Hapa kwetu nyumba mara nyingi hupewa binti anapoolewa, kwa maneno bila karatasi, na maneno hayo hukumbukwa siku mnunuzi anapotokea. Usitoe arubuni mpaka mirathi imepita mahakamani, kwa Kadhi ikiwa ndiko walikokwenda, na msimamizi wake anajulikana. Uliza pia kama ni wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani. Wakfu hauuzwi, hata ndugu wote wakikubaliana.

Wakili afanye sachi kwenye usajili wa ardhi, na risiti za kodi ya ardhi ya kaunti zidaiwe kwa muuzaji. Mnunuzi mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4. Muuzaji ana kodi ya faida ya asilimia 15 tangu Januari 2023, na wengine hujaribu kukutwika wewe kimyakimya ndani ya bei. Asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Uliza ghorofa ya juu ni ya nani, na wikio, chumba cha juu kinachovuka kichochoro, ni ya upande gani, maana boriti za jirani huenda zimelala kwenye ukuta unaouita wako.

Kwenye bajeti ongeza punda. Kila mfuko na kila jiwe hufika kwa mashua kisha kwa mgongo wa punda, na kifusi hutoka vivyo hivyo; hicho kifusi ndicho kinachosahauliwa. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hivyo ruhusa ya Makumbusho ya Taifa itafutwe kabla ya kubadilisha sura ya nje, si baada.

Na ule mlango wa nakshi. Mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa na sheria ya urithi ya 2006, hauhamishwi ovyo. Hata hivyo milango hupotea kati ya arubuni na ufunguo. Piga picha kila mlango, kila fremu, kila dirisha, pima urefu na upana, na picha hizo zishikizwe kwenye mkataba zikiwa na sahihi za pande zote mbili.