Usiku ule Kobe, mkanda wa Sadako na popobawa

Agosti 2006 nilikuwa Kobe, Japani, mwaka wa pili wa masomo, na joto la Agosti kwenye eneo lile la Kansai ukiambiwa hulijui mpaka likukute. Bahari ipo palepale lakini upepo hamna, nguo inakuganda mgongoni toka asubuhi, na nyenze wanalia kutwa mpaka kichwa kinavuma. Nikamuuliza kaka mmoja wa dahalia yetu, Mjapani, katutangulia kidarasa ndo maana tunamwita senpai, mbona kila nikiwasha TV ni vizuka tu mwezi huu? Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba kwao kiangazi ndo msimu wa hadithi za vizuka, manake mtu akisisimka mwili unapoa, na tena katikati ya Agosti ni Obon, roho za wazee waliokufa zinarudi majumbani kuwatembelea watu wao. Halafu akasema Jumamosi twende Himeji, nikakuonyeshe kitu.

Kutoka Sannomiya, stesheni ya palepale Kobe, ni kama dakika 40 kwa treni ya haraka. Ngome ya Himeji iko juu ya kilima, nyeupe pepepe, wanaifananisha na ndege korongo mweupe, na watu wote wanakimbilia kupanda juu, ila yeye akanivuta pembeni uwanjani, penye kisima cha zamani kimezungushiwa uzio wa mawe na juu wavu wa chuma. Kisima cha Okiku. Okiku alikuwa mtumishi, kapewa dhamana ya sahani kumi za thamani, moja ikafichwa kwa hila akasingiziwa yeye, akateswa, akauawa, maiti ikatupwa humo. Toka hapo kila usiku sauti ya mwanamke inatoka chini inahesabu sahani. Senpai akaegemea uzio akaanza kuhesabu polepole: ichi-mai, ni-mai, san-mai... (hiyo "mai" ni ya vitu bapa tu, karatasi, sahani, shati, wenzetu nao wana ngeli zao kwenye hesabu, mi nilipenda sana kuligundua hilo). Alipofika kyu-mai, tisa, akanyamaza. Ya kumi haipo. Ndo pale Okiku hulia.

Nikachungulia. Giza, na ubaridi kidogo ukinipanda usoni. Nikamkumbuka bibi yangu Unguja, alivokuwa akitukataza kwa ukali kuchungulia kisima Magharibi ikishaingia, na wasichana wasikae uani nywele wazi. Nikamwambia senpai. Akaniangalia sana, akasema: basi leo usiku nakuonyesha mjukuu wa Okiku.

Usiku tukakusanyika ukumbini watu saba. Filamu yenyewe Ringu, ya 1998, ya Hideo Nakata, imetokana na riwaya ya Koji Suzuki ya 1991. Tena hatukuwa na DVD, senpai alileta mkanda wa VHS umechakaa, picha inatetemeka na mistari inapita chini ya skrini, na hadithi yenyewe ni ya mkanda, ukiutazama simu inalia na baada ya siku saba unakufa! Mi nilikuwa nshaitazama ile waliyoirudia Wamarekani 2002 kwa DVD nyumbani, nikaingia nikijua najua kila kitu.

Sikujua. Ile ya Marekani inakimbia, inapiga kelele, na yule mzuka wa mtoto anayetoka kisimani wanakuonyesha uso wake kabisa. Hii ya Wajapani inakaa kimya. Chumba, mtu, TV imezimwa, na kamera haiendi popote, wewe mwenyewe ndo unaanza kutafuta kwenye kona nini hakiko sawa. Na Sadako, ndo mzuka mwenyewe wa kisimani kwa hii ya Wajapani, humwoni uso hata mara moja, unaona nywele nyeusi zimemwagika mbele, gauni jeupe, vidole visivyo na kucha vinavyokwaruza mkeka, na mwishoni jicho moja tu, limegeuka. Anatoka kisimani ndani ya TV, anasogea kwa mwendo wa kukatika katika, halafu anatoka na kwenye TV yenyewe. Senpai alitueleza baadae kuwa mwigizaji alitembea kinyumenyume kisha picha ikageuzwa, ndo maana jicho linaona mwendo wa binadamu lakini moyo unakataa. Kulijua hilo hakukunisaidia chochote.

Lakini kilichonivunja khasa si pale. Kuna pahala mama mmoja mwandishi wa habari, aliyeutazama ule mkanda, anashuka kisimani, anamaliza maji ndoo kwa ndoo, anaipata mifupa ya Sadako na anaikumbatia, wallahi anaikumbatia kama mwanawe. Nikashusha pumzi. Kwetu ukimpa maiti haki yake, ukamzika, ukamsomea, mambo si yameisha? Mi nilikuwa tayari nalia kwa furaha. Kumbe bado. Sadako hakutaka kuzikwa wala kuonewa huruma, anakuja vilevile, na yule mama anakuja kugundua kwamba yeye kapona kwa sababu moja tu, alinakili ule mkanda akampa mtu mwengine autazame.

Pale nilisimama. Wote wakageuka kuniangalia. Nikasema jamani, hii mi naijua, hii imetokea mtaani kwetu.

Nikawahadithia kwa Kijapani changu cha wakati ule, nikikosa neno naonyesha kwa mikono. Mwaka 1995, Ramadhani, mi nna miaka tisa, khabari zilianzia Pemba zikafika Unguja kwamba kuna popobawa, anaingia majumbani usiku, anawakandamiza watu na kuwafanyia mambo ya aibu, na akishamaliza anatoa amri: kawaambie wenzako, ukinyamaza narudi. Mtaa mzima ukahamia nje. Mikeka imetandikwa bega kwa bega, wazee, watoto, wajawazito, moto unawaka, watu wanasoma Qur'ani mpaka daku. Na nakumbuka alfajiri moja mzee jirani yetu, mtu mzima na heshima zake, mtu ambae sisi watoto tukimwona tunanyoosha migongo, alikaa barazani akawaeleza watu kilichompata. Alikuwa anaangalia kandambili zake muda wote. Mguu wa kulia ukanda ulikuwa umekatika kafunga kwa uzi mwekundu, nauona mpaka leo ule uzi. Aibu ilikuwa inamuua lakini anasema, manake asiposema atarudiwa. Na kila aliyesikia alikwenda nyumbani kuwahadithia wa kwake, na hofu ikapita nyumba kwa nyumba bila mkanda wala simu.

Nilipomaliza ukumbi mzima kimya. Mkanda ulikuwa umefika mwisho zamani, deki inaurudisha wenyewe kwa ule mlio wake. Dada mmoja akainuka akaifunika TV kwa taulo. Senpai, ambae toka asubuhi alikuwa ndo mwenye hadithi, akaniuliza kwa sauti ya chini: kwa hiyo umetuambia ili wewe usalimike?

Nikamwambia mi sikutokewa, nilikuwa mtoto tu nnaesikiliza.

"Lakini sasa na sisi tumeshajua," akasema.

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyerudi chumbani kwake. Mafutoni, yale magodoro ya Kijapani ya kutandika chini, yakaburutwa ukumbini, taa ikaachwa, tukalala hivohivo tunaitazama dari. Baada ya muda mrefu nikamsikia senpai: kwanini nyinyi mlilala nje, nje si ndo kuna giza zaidi? Nikafikiri. Nikamwambia ndani kila mtu yuko peke yake na mlango wake, nje tulikuwa tunaonana.

Akakaa kitako kidogo, kisha akanyanyuka, akalikunja futoni lake akafungua mlango wa roshani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Tulilala pale watu saba tumebanana, bega kwa bega, bandarini meli zina taa, na mi nilipata usingizi alfajiri, nyenze walipoanza kulia.