Philodendron melanochrysum: majani mapya yalikuwa yanachanika, nilivyotatua

Huu mmea kwao ni Kolombia, kwenye misitu yenye unyevu chini ya milima ya Andes, unapanda miti na majani yake ukiyagusa ni kama mahameli, kijani kilichoiva mpaka kinakaribia weusi. Wangu kila jani jipya lilikuwa linakwama kwenye ganda lake, likitoka limekunjamana, ncha imechanika, na likishakomaa hivyo ndo basi haliponi tena.

Nikaangalia ile mizizi inayotoka kwenye vifundo vya shina, mikavu, inaning'inia tu hewani haijashika kitu. Hapo ndo pa kuanzia. Nikatengeneza nguzo ya wavu wa plastiki, ndani nikashindilia moss iliyolowa (vimea vidogo laini vinavyoshika maji kama sponji), nikafunga shina kwa kamba laini vifundo vigusane nayo, ikianza kukauka namwagia maji taratibu kuanzia juu. Unyevu wa hewa nikaupandisha mpaka asilimia 70 hivi kwa mashine ya mvuke, maana kunyunyizia majani hakusaidii sana na madoa yanabaki. Udongo nikauchanganya na vipande vya magome na perlaiti (vile vipunje vyeupe vyepesi vya mawe), maji yasituame.

Mizizi ilipozama kwenye moss mambo yakabadilika kabisa, jani lililofuata likatoka na rangi ya shaba, zima, refu kuliko la kabla yake, nilifurahi sana aisee. Likigoma kidogo nalowesha ganda kwa pamba yenye maji vuguvugu nasubiri lilainike, usilivute kwa mkono jamani, likiwa changa linachanika upesi mno.