Kilomita za Nauli

Daktari wangu hakufurahi hata kidogo. Nilipomwambia nataka kukimbia marathoni alivua miwani, akaniuliza nimewahi kukimbia umbali gani maishani. Nikamjibu kwamba kabla ya kuugua nilikuwa nakimbilia basi tu, na mara nyingi lilikuwa linaniacha. Akavuta karatasi, akaniandikia kipimo cha moyo.

Hakuwa ananionea. Dawa ya kwanza niliyowekewa kwenye dripu ilikuwa doksorubisini, ambayo wagonjwa tunaiita nyekundu. Ni nyekundu kweli, na ukienda haja ndogo baada yake unaweza kushtuka ukidhani ni damu. Inaua seli za saratani, lakini inaweza pia kuudhoofisha msuli wa moyo, na pengine udhaifu huo ukaja kuonekana miaka mingi baadaye. Ndiyo maana madaktari hujumlisha kiasi chote ambacho mtu amewahi kupewa, na kuna kikomo wanachoogopa kukivuka. Majibu yalionyesha moyo wangu unasukuma damu vizuri. "Haya, kimbia," alisema. "Lakini kifua kikibana au pumzi ikikatika, hakuna cha ushujaa. Unakaa chini."

Nikamwambia ushujaa niliumaliza kwenye kiti cha dripu.

Sikuwa na haja ya medali. Nilikuwa natafuta nauli, na hapo inabidi nieleze. Mionzi ya saratani ya titi niliifuata siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, na kila ukienda unalala kwenye ile meza dakika chache tu, halafu unaambiwa vaa, nenda, tuonane kesho. Kwa anayeishi karibu ni usumbufu. Kwa anayetoka mbali ni ama safari ya kila siku ama kodi ya chumba cha ugenini. Kwenye benchi la kusubiria nilikuwa nakaa na dada mmoja mcheshi kupita kiasi. Baadaye akaanza kukosa. Jumatatu yupo, Jumanne na Jumatano hayupo. Mionzi inagawanywa vipande vidogo kwa makusudi, ili nyama isiyo na ugonjwa ipate muda wa kujirekebisha huku seli za saratani zikizidi kuumia. Ukikatizakatiza, zile zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaliana upya. Mhudumu wa mashine alimgombeza mbele yetu sote. Yule dada akamjibu kwa upole, "Kaka, dawa ipo. Iliyoisha ni nauli."

Baada ya muda akaacha kuja kabisa. Namba yake ya simu sikuwa nayo, wala hakuna aliyejua amekwenda wapi.

Kwa hiyo nilipopata nguvu za kutembea bila kushika ukuta, nikatengeneza karatasi ya ahadi. Kila mtu aandike jina lake na kiasi atakachotoa kwa kila kilomita nitakayoimaliza, na fedha yote iende kwenye nauli na malazi ya wagonjwa wa mionzi. Mjomba wangu, mfanyabiashara mbishi ambaye hata risiti ya chumvi anaihifadhi, aliisoma mara mbili. "Mjomba, mimi silipii nia, nalipia kilomita," akaniambia, kisha akaandika kiasi kikubwa kuliko watu wote. Nina hakika alikuwa amepiga hesabu kwamba nitaishia ya 10.

Watu wengine walinitumia habari za Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia kwa saratani ya mfupa, kisha mwaka 1980 akaanza kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia akichangisha fedha za utafiti. Alikuwa anakimbia karibu marathoni nzima kila siku, kwa siku 143, akafikisha kilomita 5,373 kabla saratani haijamkuta kwenye mapafu na kumlazimisha kusimama. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22. Walionitumia walitaka kunitia moyo, nami nawashukuru, lakini kila nilipoisoma niliishia kumlilia mama yake. Mimi nilikuwa naomba siku moja tu.

Siku yenyewe nilipanga mstari kati ya watu waliokonda vizuri, mkono wa kushoto umebanwa na soksi ndefu ya mkononi kwa sababu tezi za kwapa zilitolewa na mkono huo huvimba. Vidole vya miguu vilikuwa na ganzi, zawadi ya dawa ya pili, paklitakseli, ambayo huumiza mishipa ya fahamu. Kukimbia na vidole usivyovisikia ni kama kukimbia na miguu ya kuazima: inakupeleka, lakini haikupi habari. Nilikuwa nimekwishapita nusu ya njia pale kijana aliyekuwa akigawa maji aliponifuata mbio. "Mama, soksi yako ina damu!" Nikatazama. Lengelenge lilikuwa limepasuka zamani na mimi sina taarifa. Watu wa huduma ya kwanza wakasafisha, wakafunga bandeji, wakaniuliza kama nasikia maumivu. Nikawaambia hapana. Walidhani najikaza.

Kilomita ya 32 ndiyo iliyoninyoosha. Wakimbiaji wanaijua hali hiyo: sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini imekwisha, mwili unahamia kwenye mafuta, na mafuta hayana haraka. Mapaja yaligoma. Watu kando ya barabara wakawa wanapiga kelele, "Pambana! Pambana!" na mimi, Mungu anisamehe, nikawakasirikia. Nimewazika watu tuliotibiwa pamoja ambao walipambana kuliko mimi.

Kilichonisogeza ni ile karatasi. Nilikuwa naikumbuka yote kichwani, majina na viwango, nikawa najumlisha. Kilomita hii moja, ukiunganisha ahadi zote, ni mgonjwa mmoja kwenda na kurudi kwa siku kadhaa. Inayofuata, mwingine. Halafu nikakumbuka maneno niliyoandika kwa mkono wangu: "kila kilomita nitakayoimaliza." Sikuandika nitakayoikimbia. Nikaanza kutembea bila aibu. Nilitembea kilomita nyingi za mwisho, nikapitwa na babu mwenye kofia ya rangi ya chungwa aliyekuwa akiimba, nikapitwa na watu waliovaa mavazi ya kuchekesha, nikafika watu wakiwa tayari wanakunja mabango.

Wengi walilipa wiki ileile. Mjomba alikuja mwenyewe na bahasha na kikokotoo, akahesabu mbele yangu mara 42, akaipiga muhuri wa kidole.

"Mjomba, bado mita 195," nikamwambia.

"Za nani hizo?"

Nikamweleza kwamba marathoni ni kilomita 42.195, kipimo kilichotumika kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 na kufanywa sheria mwaka 1921, na kwamba mita hizo nilizitembea kwa miguu yangu mwenyewe, mmoja ukiwa na bandeji.

"Basi wadai Waingereza," akasema. Akakaa kimya, akabonyeza kikokotoo, akaguna. Hatimaye akatoa fedha ya kilomita nzima ya 43, akaiweka mezani, na akabaki amesimama mkono wazi akisubiri chenji. Sikumpa.