Swali aliloniuliza matangani

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umenipaa. Jumapili iliyopita mpwa wangu, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikataa kuandamana nami kanisani. Kikombe cha chai mkononi, tena kwa upole, akasema, "Shangazi, mimi siamini tena kwamba kuna Mungu."

Papo hapo nikamlaumu Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza aliyefundisha mageuko, yaani kwamba viumbe vilibadilika polepole kutoka viumbe vya kale. Si mnatujua! Kijana akiwa shuleni walipelekwa makumbusho pale Museum Hill, wakasimuliwa habari za yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana Nariokotome mwaka 1984. Nikasema, mbegu ilipandwa hapo.

Nikaanza kusoma ili nimjibu, nikakwama. Kitabu cha Darwin kuhusu chimbuko la viumbe kilitoka 1859. Lakini mwanafalsafa Baron d'Holbach alichapisha chake cha kumkana Mungu mwaka 1770, Darwin hajazaliwa. Sisemi mageuko hayakuchangia. Waliokwisha kumkataa Muumba walipata la kujibu walipoulizwa viumbe vilitoka wapi. Ila Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mpresbiteri, alimtetea Darwin na akabaki na Yesu wake. Huyo sijawahi kumsikia akitajwa mimbarini.

Kilichonishika ni habari za Annie, binti yake Darwin, aliyefariki 1851 akiwa na miaka 10. Imani ya baba ilikuwa imeanza kufifia zamani, lakini wapo wanahistoria wanaoona kwamba msiba huo ndio uliomaliza kilichobaki. Hata hivyo, mwaka 1879 aliandika kwamba hajawahi kuwa mtu wa kukataa kabisa kuwako kwa Mungu.

Hapo nikaweka simu chini, nikakumbuka wodi aliyolazwa kaka yangu. Kijana alikuwa na miaka 13. Mimi, kwa kinywa changu, nilimwambia, "Ukiomba bila shaka yoyote, baba atarudi nyumbani." Hakurudi. Matangani akaniuliza kama ni imani yake iliyopungua. Nikamwambia Mungu haulizwi maswali, kisha nikaenda kupakua chakula.

Darwin hakuwa kwenye matanga yale, wapendwa. Nilikuwa mimi.

Tumeandaa semina ngapi za vijana kupinga mageuko? Na ni nani kati yetu amekaa na mtoto aliyefiwa bila haraka ya kumfunga mdomo? Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne, na bado tunaiimba. Bwana wetu alijua atamfufua Lazaro, na bado akalia machozi. Sisi tunakimbilia "ni mapenzi ya Mungu" hata udongo haujakauka! Tuache, jamani. Watoto wanatusikia, wanakua, wanaondoka, halafu tunatafuta kitabu cha kulaumu.

Jana nilimpigia, nikamwomba msamaha kwa maneno yale ya wodini. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama naweza kumsindikiza Lang'ata, kaburini kwa baba yake. Tunaenda Jumamosi. Biblia nitaibeba, ila sitaifungua asipoomba.